Upana wa Kidole Kimoja

Mbugangari, Jumamosi alasiri

Furaha mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yale ya kila siku: usinywe maji bila kuchemsha, usimwazime mtu sweta yako, usiache misa. Mimi sina la kuongeza hapo. Tangu asubuhi nimezunguka karakana nikitafuta neno la kukuambia, na nilipolipata wewe ulikuwa umeshapanda pikipiki kwenda Nyamyumba kumuaga bibi yako. Kwa hiyo naandika. Unaujua mwandiko wangu, ni wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki juu ya bati. Na unajua kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, kule Goma. Kinyarwanda chetu kwangu ni cha kusema tu. Nivumilie.

Juzi nilikuambia kwamba kesho sitakuja kukusindikiza kwenye basi la Kigali kwa sababu nina mlango wa kupeleka Rugerero. Ulinitazama, ukasema "bon, papa," sawa tu, ukaendelea kukunja nguo. Hakuna mlango. Mlango gani unapelekwa Jumapili? Sitaki kuja kwa sababu Gaspard atakuwepo, amebeba begi lako, anakushikia tiketi, anazungumza na dereva kana kwamba ni yeye aliyekuzaa.

Nina wivu, Furaha. Bora niseme mapema, nisije nikaandika karatasi nzima nikilizunguka. Namwonea wivu ndevu zake na ile baiskeli yake isiyopiga kelele. Nauonea wivu ule ukimya wake kabla ya kujibu, unaomfanya mtu adhani jibu litakuwa zito hata kama ni "ndiyo" tu. Na kuliko yote, naonea wivu jinsi unavyomsikiliza, mdomo wazi kidogo, kama ulivyokuwa ukinisikiliza mimi ulipokuwa huna meno ya mbele.

Mama yako ananicheka. Jana alirudi kutoka barrière, pale mpakani, na beseni lake, akanikuta nimekaa mbele ya mashine ya kuchomelea ambayo hata sikuiwasha.

"We, Papa Furaha," akasema, "uko na wivu sawa muke mwenye bwana yake ameoa wa pili!"

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amepatia.

Unakumbuka siku Gaspard alipokuja mara ya kwanza? Alitaka pete ya chuma ya kufunga kwenye boriti ya gereji aliyopanga kule chini karibu na ziwa. Nikamchomelea pete ambayo hadi leo naionea fahari. Nikamwambia, "Hii hata ukitundika ng'ombe." Akaisukuma kwa kidole. Akakaa kimya, unajua anavyokaa.

"Iko nguvu, muzee. Lakini haizunguke."

"Izunguke iende wapi?" nikamuuliza.

Wewe ulicheka. Sikujua ulikuwa unacheka swali langu au unacheka naye, na mpaka leo sijakuuliza. Ulikuwa umekaa pale kwenye ndoo unakwangua kutu. Ukainuka, ukachukua kipande cha waya, ukakipitisha ndani ya pete yangu ukakikunja kikawa pete ya pili, inayocheza ndani ya ile ya kwanza. Ukamwonyesha.

"Hivi?"

"Voilà," akasema. Alilipa pete yangu, akaondoka anazungumza na wewe mpaka barabarani.

Nataka unielewe. Mimi maisha yangu yote nimetengeneza vitu visivyotikisika. Milango, grili za madirisha, vibebeo vya baiskeli vinavyobeba magunia ya viazi kutoka milimani bila kulia. Tuliporudi kutoka Goma, mji huu wote ulikuwa unataka milango na grili, na watu walikuja kwangu kwa sababu mlango wangu ukiufunga umefungwa. Kwetu sisi kitu kikitikisika, mteja anakirudisha na maneno juu. Kisha akaja mtu huyu, mtu mzima, aliyesoma Ulaya, na kazi yake yote ni kutengeneza chuma kinachotikisika. Na binti yangu anakiona kizuri.

Nilikwenda kule gereji kwake kwa kisingizio cha kukagua pete. Hilo hulijui. Nilisimama mlangoni na kofia mkononi, nikaviona. Vipande vya bati, vyeusi na vyekundu, kimoja cha duara kama kifuniko cha sufuria, vingine kama majani ya mgomba yaliyokatwa mafupi, vyote vinaning'inia kwenye fito za chuma, fito juu ya fito, na juu kabisa uzi mmoja tu kwenye pete yangu. Hakuna mota wala mkono wa mtu. Nilipofungua mlango zaidi upepo wa ziwa ukaingia, ukagusa jani dogo la mwisho, na kitu chote kikaanza kuzunguka polepole, kila fito kwa mwendo wake, bila kugongana.

Yeye anaziita mobile. Mimi niliziita vibembea, na yule jirani yetu muuza mkaa akasema ni mitego ya ndege. Siku ile nilimuuliza inafanya kazi gani. Akasema, "Iko inatafuta kutulia."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Jibu lilikuwa limenipendeza, na sikutaka lolote kutoka kwa mtu yule linipendeze.

Baada ya hapo ukawa unakwenda kwake kila alasiri, na jioni unatufundisha sisi jikoni kama vile tulikuwa tumekuomba. Nilidhani kitu kama kile kinaanzwa juu, kwenye pete, halafu unaongeza kuelekea chini, kama mtu anayeanika nguo. Ukacheka tena.

"Hapana, papa. Unaanza chini. Ya juu ni ya mwisho."

Ukachukua mwiko wa mama yako, ukafunga kijiko upande mmoja na kifuniko cha sufuria upande mwingine, ukaubeba mwiko juu ya kidole kimoja ukikisogeza, ukikisogeza, mpaka mwiko ukalala sawa. Kidole kilikuwa karibu kabisa na kifuniko, mbali na kijiko. Ukatueleza: hapo ndipo unapokunja pete. Sasa vyote viwili, pamoja na mwiko wao, vimekuwa mzigo mmoja. Unautundika mzigo huo kwenye ncha ya fito nyingine, upande wa pili unaweka kitu kidogo lakini mbali, halafu unatafuta tena kwa kidole. Hivyo hivyo mpaka juu. Ukikosea chini, utalipia juu. Na mahali pa kushikia, ukasema, kila mara panasogea kuelekea kilicho kizito.

"Na mimi nasema nirudishie kifuniko yangu," mama yako akapiga kelele, "maharagwe inaingia moshi!"

Sote tulicheka. Mimi pia, lakini moyoni nilikuwa nikisema: kutafuta katikati ya chuma kwa kidole, nani alikufundisha? Ni mimi. Kila siku tulipobeba fito ndefu kutoka sokoni, ulinitazama nikiinua, nikisogeza, mpaka fito inakaa begani bila kuelemea mbele wala nyuma. Ukiwa mdogo ulifanya vivyo hivyo na miwa. Hilo hukulitoa kwa Gaspard. Yeye aliupa ujuzi huo jina la Kifaransa tu. Najua hapa ni wivu unaoshika kalamu, lakini ni kweli pia, na nataka uende nalo Kigali.

Sasa nifike kwenye lile neno.

Ilikuwa wiki ile ya maonyesho yenu pale hotelini, mlipokuwa mnaunganisha kile kibembea chako kikubwa hapa karakanani kwangu kwa sababu gereji yake ilikuwa imejaa. Ulikuwa umesimama juu ya stuli, umeshika fito ya juu kwa mikono miwili, na kitu chote kilikuwa kinaelemea. Ukaita, "Papa! Njoo ushike hapa!"

Nikatupa koleo, nikavua miwani ya giza, nikaja mbio. Gaspard naye akaja mbio kutoka upande wa pili. Tukasimama wote wawili chini ya stuli yako, mikono juu.

Ukasema, "We baki tu, papa. Nilikuwa naita Papa Gaspard."

Najua. Huku kwetu kila mwanamume mwenye mvi ni papa. Papa Gaspard, papa wa mkaa, papa wa pikipiki. Ni adabu tu, tumekufundisha sisi wenyewe. Lakini mara ya kwanza hukutaja Gaspard. Uliita papa peke yake, neno tupu, na ulikuwa unamwita yeye. Nilirudi kwenye mashine yangu nikachomelea grili ya mtu vibaya mpaka nikalazimika kuirudia.

Asubuhi iliyofuata ulikwenda kuchota maji. Kibembea kilikuwa kimelazwa juu ya meza. Nikakishika pale fito ya chini kabisa inapoungana na ya pili, pete ndani ya pete, nikakitikisa. Kikalia. Nikajiambia kinalegea. Nikajiambia mbele ya watu wote wa mji, kwenye ukumbi wa hoteli, kazi iliyotoka karakana yangu haiwezi kulia namna ile. Nikavaa miwani, nikawasha mashine, nikazichomelea pete zile mbili zikawa kitu kimoja. Na sikuweka kidogo. Niliyeyusha baguette, kile kijiti cha kuchomelea, mpaka pakavimba.

Uliporudi uliweka jerikeni chini, ukapagusa kabla hapajapoa vizuri.

"Papa, ni we?"

"Ilikuwa inalegea."

"Inalegea," ukasema. Ukapatazama kwa muda. "Bon." Ukaniomba nitoke, unataka kufanya kazi peke yako.

Kwenye maonyesho nilivaa koti. Kibembea chako kilining'inia katikati ya ukumbi kimekaa sawa kabisa, kinazunguka, na sehemu ile ya chini ikizunguka kwa ukaidi kidogo, fito mbili kama mtu aliyekatazwa kukunja goti. Watu waliinua shingo. Afisa mmoja wa wilaya alitikisa kichwa kwa furaha kama mtoto. Nami nikajisifu moyoni: umeona? Nimechomelea na bado kinazunguka. Gaspard akanyoosha kidole kwenye kiungo changu, akakuuliza nani alifanya soudure hii.

"Papa," ukajibu.

Akapasogelea. "Ni soudure muzuri," akasema. "Haitaachia."

Furaha, nilimchukia mtu yule kwa kunisifu kuliko ambavyo ningemchukia kwa kunitukana. Na tangu siku ile wewe na mimi hatujalizungumza. Siku alipokuja kusema anahamishia karakana yake Kigali na anataka akuchukue uwe mwanafunzi wake huko, mama yako alipiga vigelegele, mimi nikauliza bei ya nauli.

Leo mchana, wewe ukiwa Nyamyumba, niliingia karakanani. Kibembea kinaning'inia pale ulipokiacha, na maneno yako, "Usiguse, papa, nitafunga mwenyewe nikirudi," bado yananiwasha. Nikachukua msumeno. Niliwaza nikikate kile kiungo, nipapige tupa vizuri, nirudishe pete zako mbili zicheze, iwe zawadi yangu ya kukuaga. Sikutaka kusema lolote, ungekuta tu.

Nikapanda stuli. Nikashika fito iliyo juu ya kiungo changu ili isizunguke nikikata, na kidole changu kikagusa mkunjo. Nikatazama. Pale fito hiyo inapotundikwa kuna pete uliyoikunja, sawa. Lakini pembeni yake kuna alama nyingine, mahali palipokuwa pamekunjwa kwanza kisha pakanyooshwa kwa koleo. Chuma hakisahau kukunjwa, kovu lake nalijua hata gizani. Nikaweka kidole changu kati ya alama ya zamani na pete mpya. Kikajaa pale sawasawa, upana wa kidole kimoja. Na pete mpya iko upande wa kiungo changu.

Nilishuka nikakaa kwenye ndoo yako.

Nilikuwa nimekuharibia kazi kwa makusudi, nikaiongezea uzito mahali usipotakiwa, na wewe hukukata wala hukunishtaki. Ulikwenda ukasogeza mahali pa kushikia kuelekea kwangu mpaka kitu kikatulia pamoja na ubaya wangu ndani yake. Na mimi nikasimama ukumbini na koti langu nikijisifu. Nikikata leo, kitaelemea upande wa pili, kwa sababu umeshanihesabu. Nimerudisha msumeno ukutani.

Kumbe nilikuwa na haki ya kuona wivu, lakini nilikosea kitu cha kukionea. Gaspard angesogea kwa ajili yangu? Mimi ningesogea kwa ajili ya nani? Mkono ule ulioutumia siku ile ukiwa peke yako sina mimi, na sidhani anao yeye. Huo ndio ninaokuonea wivu sasa, na huu wivu wa pili unauma kwa namna nyingine, unauma na raha ndani yake. Sijui kuieleza vizuri.

Babu yako alikuwa na ng'ombe Masisi. Nilipomtoroka nikaenda Goma kwenye gereji ya Mgiriki mmoja, alikaa muda mrefu bila kunitafuta. Siku moja akashuka na kibuyu cha maziwa. Nilikuwa chini ya lori, nacheka, namwita yule Mgiriki "patron, patron," namwonyesha kiungo changu cha kwanza kilichoshika. Babu yako alisimama getini akatazama, akamwachia mlinzi kibuyu, akapanda mlima kurudi. Nilipoambiwa nikasema anaidharau kazi yangu, na nimelisema hilo kwa watu mpaka alipokufa na baadaye. Leo nikiwa nimekaa kwenye ndoo ndipo nilipomwona vizuri pale getini. Hakuwa na dharau. Alikuwa amesikia nikimwita mtu mwingine kwa sauti ambayo alidhani ni yake.

Maziwa yale niliyanywa na wenzangu bila hata kuuliza alikaa muda gani.

Nina neno moja la kukushauri na halihusu maji wala sweta. Gaspard ni mwalimu mzuri, nalikubali huku nimeuma meno. Lakini una mkono, na siku moja atauona, na yeye pia ataingiwa na hili ninaloingiwa mimi. Labda atakuwekea uzito mahali fulani akisema anakusaidia. Siku hiyo usifanye ulivyonifanyia. Usinyamaze, usiseme "bon," usisogeze kazi yako kwa ajili ya mtu aliyeiharibu akijua. Mshike mkono umwambie, hii umeharibu. Ungeniambia hivyo mimi ningepiga kelele, ningetupa koleo, mama yako angetoka jikoni, kisha ningenyamaza na kujua. Badala yake nimekula ile "bon" yako miezi yote hii bila kujua ninakula nini. Upole wako ni mkubwa kuliko umri wako, na unaniogopesha kidogo. Usiutoe kwa kila mtu. Mimi peke yangu nimeshatumia mwingi.

Na ukitengeneza kingine huko, usikikunje kwa kuniwazia. Safari hii nisogee mimi.

Naanza kesho. Nitakuja kwenye basi. Nitavaa lile koti, na nitakubebea kibembea mimi mwenyewe, kimelazwa kwenye katoni, maana Gaspard hajui kubeba kitu kirefu, nimemwona. Nitampa mkono. Mama yako ameshasema atasimama kando atazame kama nitautoa wote au nusu, akacheka mpaka akashika ukuta. Nitautoa wote.

Mtakapokuwa mnapakia kutakuwa na kelele nyingi, makonda na wauza mikate, na huenda ukataka kitu, ukageuka juu ya ngazi ya basi ukaita "papa," neno tupu, bila jina. Ita tu, usijirekebishe. Mwache Gaspard ageuke. Mimi sitakuwa na haja ya kugeuka, nitakuwa nakutazama tangu mwanzo.

Papa yako